Je, Wajua? Jiwe la grenda nalo lina tarehe

Wiki iliyopita niliingia duka la vifaa vya ujenzi kununua mawe matano ya kukatia nondo. Nikaanza kuyageuza moja moja, nikichungulia pete ndogo ya chuma iliyo katikati. Kijana wa dukani akanivumilia mpaka la tatu. "Mzee, unatafuta nini humo?" Nikamwambia natafuta tarehe. Akacheka. "Jiwe nalo linaoza?"

Linaoza. Tuanzie hapo.

Je, wajua kwamba jiwe la grenda si jiwe? Ni chembe ngumu zilizoshikanishwa kwa gundi na kuchomwa kwenye tanuri, na ndani yake umo wavu wa nyuzi za kioo. Gundi yenyewe ni ya ukoo wa bakelaiti, ile plastiki nyeusi ya swichi za zamani na mishikio ya sufuria, aliyoitengeneza Mbelgiji Leo Baekeland huko Marekani mwaka 1907. Gundi hiyo hunyonya unyevu, na ikinyonya hulegea. Kwa sababu hiyo mawe ya kukatia na kusagia yanayofuata kanuni ya Ulaya iitwayo EN 12413 hupewa maisha ya miaka 3 tangu kutengenezwa, na tarehe ya mwisho hupigwa kwenye ile pete. Mara nyingi utaona herufi V, kisha mwezi na mwaka, tuseme V 07/2027. Miezi ni minne tu, 01, 04, 07 na 10, kwa kuwa viwanda huhesabu kwa robo ya mwaka.

Miaka hiyo 3 ni ya jiwe lililokaa pakavu. Kwa sisi wa Tanga, Mombasa na Unguja, ambako hata chumvi ya mezani hugeuka maji, jiwe lililotupwa sakafuni pembeni ya ndoo linaweza kufa kabla ya tarehe yake. Yalazwe juu ya rafu, bapa, mbali na maji na mafuta. Jiwe jembamba likiegemezwa ukutani hupinda, nalo likipinda halinyooki tena.

Na lililoanguka? Halina rufaa. Ufa unaweza kuwa ndani ya gundi, mahali ambapo jicho halifiki.

Je, wajua ni kwa nini jiwe dogo huandikwa namba kubwa na jiwe kubwa namba ndogo? La milimita 115 huandikwa mizunguko 13,300 kwa dakika, la 180 huandikwa 8,500, la 230 huandikwa 6,600 na ushei. Zipigie hesabu, utakuta zote zinasema jambo moja: ukingo wa jiwe usizidi mita 80 kwa sekunde. Hizo ni kilomita 288 kwa saa. Treni ya umeme ya SGR ya Dar es Salaam na Dodoma hufikia 160.

Asiyependa hesabu amewekewa rangi. Mstari mwekundu kwenye jiwe maana yake ni mita 80 kwa sekunde. Wa buluu ni 50, wa njano 63, wa kijani 100.

Sasa tuje kwenye dhambi inayofanyika kila siku kwenye karakana zetu. Fundi ana grenda ndogo, jiwe lake dogo halifiki mwisho wa bomba. Anavua kava, anafunga jiwe la 230, anaendelea na kazi. Grenda ndogo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Kwa kasi hiyo, ukingo wa jiwe la 230 unakimbia mita 132 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 470 kwa saa. Tena nguvu inayotaka kulipasua jiwe haiongezeki sawa na kasi, huongezeka kwa mraba wake. Mahesabu yanatoa karibu mara 2.7 ya kile jiwe lilichoundwa kukihimili. Na kava, kitu pekee ambacho kingesimama kati ya vipande na uso wa fundi, limelala chini ya benchi.

Kuna ndugu wa dhambi hiyo, naye huonekana kama ubanaji matumizi: jiwe la grenda kubwa limelika mpaka limekuwa dogo, basi linahamishiwa grenda ndogo. Vitabu vya maelekezo ya grenda hukataza jambo hilo. Jiwe hilo liliundwa kwa mwendo wa pole wa mashine kubwa, kulika hakukuibadili namba iliyoandikwa juu yake.

Je, wajua maana ya maandishi kama A 24 R BF? A ni aina ya chembe, aluminiamu oksidi, ya kukata chuma. Ukiona C, hiyo ni silikoni kabaidi, ya mawe, zege na vigae. 24 ni ukubwa wa chembe. Namba ikipanda, chembe zinakuwa laini zaidi. R ni ugumu wa gundi. BF ni gundi ya bakelaiti iliyotiwa nyuzi. Hiyo C aliigundua Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891 alipokuwa akiunguza udongo na makaa ya koki kwa umeme. Akadhani amepata mchanganyiko wa kaboni na korandamu, akaupa jina la karborandamu. Alikosea kemia, jina likabaki.

Jiwe jembamba ni la kukatia, basi. Lenye unene wa milimita 1 likilazwa ubavu kusugulia mshono wa weldingi hupinda, na likipinda kwenye kasi ile hupasuka. La kusugulia ni nene, milimita 6 hivi, na katikati yake limebonyea.

Je, wajua kuna jiwe linaloimba? Lile nene la grenda ya mezani, ambalo kwa kawaida huchomwa kama kauri. Mafundi wakongwe hulitundika kidoleni na kuligonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Likiwa zima hulia kama kengele, likiwa na ufa hutoa sauti ya gae. Kipimo hicho kimo hata kwenye kanuni za usalama kazini za Marekani. Lakini usikipeleke kwa mawe ya grenda ya mkononi, kwa kuwa gundi yake humeza mlio. Hayo hupimwa kwa macho, kisha kwa dakika moja ya kuzunguka bure: funga jiwe jipya, ielekeze mashine pasipo na mtu, washa, subiri. Jiwe bovu mara nyingi hujitangaza katika dakika hiyo. Jiwe likitetemesha mashine, lisibembelezwe, litolewe.

Je, wajua nati ya grenda ina nyuso mbili kwa makusudi? Upande mmoja una kijivimbe, mwingine ni bapa. Kijivimbe hutazama jiwe linapokuwa nene; likiwa jembamba, nati hugeuzwa na upande bapa ndio unaobana. Ukikosea, jiwe linaonekana limekaza kumbe linacheza.

Kile kitufe cha kufungia shina, karibu na kichwa, ni cha kubadilishia jiwe tu. Si breki. Anayekibonyeza mashine ikiwa bado inazunguka huvunja pini ya ndani, halafu analaumu kiwanda.

Je, wajua ni kwa nini grenda ina kaboni na pampu ya maji haina? Kwenye umeme wetu wa hezi 50, mota ya kawaida ya pampu haiwezi kuvuka mizunguko 3,000 kwa dakika. Mawimbi ya umeme wenyewe yameiwekea dari. Grenda inataka zaidi ya 10,000. Kwa hiyo imepewa mota ya namna nyingine, isiyojali hezi, ambayo ndani huzunguka karibu mara 30,000 kwa dakika, halafu gia mbili za kichwani huipunguza na kuigeuza kona. Bei ya kasi hiyo ni vile vipande viwili vya kaboni vinavyosuguana na shaba usiku na mchana. (Grenda nyingi mpya za betri zimeachana navyo. Mafundi wa kubadilisha kaboni watazichukia.)

Zamani vipande hivyo havikuwa hata vya kaboni. Dinamo za kwanza zilitumia nyuzi za shaba zilizofungwa kama ufagio mdogo, nazo zililika na kutoa cheche ovyo. Mskoti George Forbes ndiye aliyechukua hataza ya kaboni mwaka 1885.

Dalili za kaboni kuisha unazijua, ila pengine hukujua ni za kaboni. Grenda inawaka ukiipiga kofi. Inazima katikati ya kazi, ukiitikisa inarudi. Kwenye matundu ya ubavuni unaona moto mwingi wa buluu au njano badala ya cheche ndogo zilizotulia. Chomoa plagi, fungua vifuniko viwili vya ubavuni, zivute nje. Zikibaki fupi kama milimita 5 hivi, au zimefika kwenye mstari uliochongwa ubavuni mwake, badilisha zote mbili kwa pamoja, hata moja ikionekana nzuri. Hakikisha mpya zinateleza ndani ya nyumba yake bila kukwama. Nyingine zina kijipini cha springi kinachoizima mashine kaboni ikifika mwisho, na watu wengi hudhani mota imeungua, wakaiuza kwa bei ya chuma chakavu.

Nimewahi kumwona mtu akichonga kaboni ya betri ya tochi ili itoshee. Nilivutiwa na mikono yake, lakini kaboni ile haina ugumu unaotakiwa hapo. Ikikwangua shaba ya mota, umeokoa shilingi ukapoteza grenda.

Je, wajua mota ya namna hii huongeza mwendo volti zikiongezeka? Hapa ndipo zawadi za ndugu wa ughaibuni zinapozua kisa. Grenda iliyotoka Muscat au Dubai ukiichomeka Dar es Salaam au Nairobi hufanya kazi, kwa kuwa umeme wao ni wa volti zinazokaribiana na zetu na plagi ni ileile ya pini tatu bapa. Iliyotoka Marekani au Kanada ni ya volti 120, na ya mtumba wa Japani ni ya 100. Wengi wanajua mashine ya namna hiyo itaungua. Wasichojua ni kwamba kabla ya kuungua inaweza kwanza kukimbia kupita namba iliyoandikwa kwenye jiwe. Soma bamba la ubavuni kabla ya kutafuta soketi.

Na kwenye bamba hilohilo tafuta mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Alama hiyo inasema mashine imekingwa mara mbili na haihitaji waya wa ardhini, kwa hiyo ndani ya waya wake utakuta nyaya mbili tu. Basi ile pini ndefu ya plagi yake inafanya nini? Inafungua tu vifuniko vya matundu ya soketi. Kinga hiyo ya mara mbili imo kwenye plastiki ya mwili wa mashine. Ukiutoboa mwili ili kufunga bamba la jina lako, au ukiuacha umepasuka na kuuzungushia utepe wa gundi, kinga umeitoa mwenyewe.

Fyuzi nayo ina neno. Grenda ya wati 800 kwenye volti 230 inakula ampea 3 na nusu hivi. Fyuzi ya 5 inaitosha. Ile ya 13 inayokuja na plagi za dukani itangoja waya uanze kunuka kwanza. Grenda kubwa ya wati 2,000 na zaidi ndiyo inayoistahili. Waya wenyewe hauugui katikati, huugua shingoni, pale unapoingia kwenye mwili wa mashine. Ukunje hapo kidogo kila asubuhi uone kama mpira umechanika.

Sasa hili ndilo ambalo ningependa kila karakana ilisikie. Je, wajua umeme ukikatika grenda yako haijazimwa? Swichi ya kuteleza yenye kujifunga hubaki mahali pake. Fundi anaiweka mezani, anakwenda kunywa chai, watoto wanazungukazunguka. Umeme unarudi. Grenda inaamka peke yake, inakimbia juu ya meza, inaanguka, na waya wake mwenyewe uko jirani na jiwe. Mashine mpya nyingi zina kizuizi cha kutojiwasha mpaka swichi irudishwe kwanza, au zina swichi ya kubana inayozima ukiiachia. Jaribu yako leo: iwashe, mwombe mtu azime soketi ukiwa umeishika vizuri kwa mikono miwili, kisha aiwashe tena. Utajua una mashine ya aina gani. Na kabla ya kuchomeka plagi yoyote, angalia swichi iko upande gani. Kwetu, ambako umeme huondoka bila kuaga, tabia hiyo ina thamani kuliko miwani ya bei mbaya.

Je, wajua grenda ikirusha mkono wa fundi, mara nyingi kosa limo kwenye bomba? Chukua bomba refu, lilaze juu ya matofali mawili, moja kila mwisho, ulikate katikati. Kadiri unavyokata, bomba linashuka kwa uzito wake na mdomo wa mkato unajifunga, unaling'ata jiwe. Jiwe likisimama ghafla, nguvu yote inahamia kwenye mashine nayo inaruka kinyume cha mzunguko wa jiwe, kwa kasi isiyomwachia mtu nafasi ya kufikiri. Weka matofali yote mawili upande mmoja wa mstari wa kukata, karibu nao, ili kipande kinachotoka kianguke na mkato ufunguke. Usisimame kwenye njia ya jiwe, simama pembeni yake. Na ule mkono wa pembeni ambao wengi huuacha ndani ya boksi kwa kuwa "unasumbua" ulitengenezwa kwa ajili ya sekunde hiyo moja.

Cheche ni chuma kinachowaka. Kila uzi wa mwanga ni kichembe kilichokatwa kikiwa cha moto, nacho kinaungua hewani. Ndiyo maana aluminiamu haitoi cheche za namna hiyo, huziba tu jiwe kama ugali kwenye meno. Mafundi stadi husoma chuma kwa cheche zake: chenye kaboni nyingi hupasua vinyota vingi, chuma cha kuyeyusha hutoa cheche fupi nyekundu zilizofifia. Vichembe hivyo vikifika kwenye kioo cha dirisha huyeyuka na kunasa humo, na hakuna sabuni itakayovitoa. Muulize yeyote aliyekatia geti mbele ya gari la jirani.

Pipa tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu lililojaa halina nafasi ya mvuke kuchanganyika na hewa. Usilitie jiwe kabla halijasafishwa vilivyo.

Ukikata zege au vigae, kinachokuumiza hakionekani. Vumbi hilo lina silika, ambayo shirika la utafiti wa saratani la IARC liliiweka mwaka 1997 kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa puani hakizuii. Maji hupunguza vumbi, lakini grenda ya umeme ya kawaida haitaki maji, basi vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, ukae upande upepo unakotoka.

Je, wajua vidole vinaweza kuwa vyeupe kwa sababu ya mtetemo? Daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, jimbo la Indiana, mwaka 1918. Walitumia nyundo za hewa, na kwenye baridi vidole vyao vilipauka na kufa ganzi. Grenda iliyochoka beringi, au yenye jiwe lisilo duara, hutetemesha mkono kwa namna hiyohiyo. Masikio nayo: taasisi ya NIOSH ya Marekani huruhusu dakika 15 tu kwa siku kwenye kelele ya desibeli 100, kiwango ambacho grenda hukifikia bila shida.

Na jina? Sisi tumelichukua kwa Waingereza tukalitia sauti zetu. Wajerumani husema Flex, kwa kuwa kampuni ya Flex ya Steinheim ndiyo iliyotoa grenda ya kona ya kwanza mwaka 1954. Kwao hata kukata chuma ni "flexen". Warusi huiita bolgarka, yaani ya Kibulgaria, kwa sababu za mwanzo kuwafikia zilitoka Bulgaria.

Nirudi dukani. Kati ya yale mawe matano nilinunua mawili. Kijana alikuwa ameacha kucheka. Alishika boksi zima, anayageuza kama nilivyofanya. "Na haya yaliyopita nifanyeje, Mzee?" Nikamwambia desturi ni kuyavunja vipande, asije mtu akayaokota jalalani akayafunga. Akalitazama boksi. Akaitazama bei iliyoandikwa ubavuni kwa kalamu. Akalirudisha kwenye rafu.